Mizani na Cheti: Njia ya Kijana wa Shamba Kwenda Kazini

Hapana mzazi wa shamba asiyejiuliza, siku mtoto wake amalizapo shule, atapata kazi gani. Ni swali jema, lakini aghalabu huulizwa limechelewa. Jibu lake huwa limekwisha andikwa miaka mingi nyuma, pahala pawili: katika mwili wa mtoto na katika daftari lake. Mtoto aliyelala homa nusu ya mwaka hakusoma nusu ya mwaka. Na mtoto asiyesoma, hata akiwa na nguvu za simba, ana mikono tu ya kuuza. Afya na elimu, ambazo serikali huziweka katika wizara mbali mbali na wazazi huzitolea fedha katika mifuko mbali mbali, katika maisha ya kijana ni kitu kimoja.

Katika makala haya nataka kuitazama fikira hiyo kwa njia ya historia ya Tanganyika, ambayo tangu mwaka 1964 ni sehemu ya Tanzania. Mifano mingi nitaitoa katika mkoa wa Tanga, kwa kuwa huko mambo haya yalionekana mapema na wazi. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilizaliwa katika kambi ya mkonge wilayani Muheza, mjukuu wa mtu aliyeletwa huko kwa mkataba. Msomaji ataniwia radhi nikichanganya habari za vitabuni na habari za nyumbani.

Mwaka 1892 Wajerumani, au Wadachi kama wazee walivyowaita, walifungua shule ya serikali mjini Tanga. Mwaka uliofuata mtaalamu wao wa kilimo, Richard Hindorf, aliingiza nchini mche wa mkonge, ulioagizwa kutoka Florida, Marekani. Iliagizwa miche 1,000. Iliyofika hai ni 62. Basi katika muda wa miaka miwili mambo mawili yalipandwa katika nchi moja, na kila moja lilimhitaji kijana kwa namna yake. Shule ilitaka vijana wachache wa kufundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, ili wawe makarani, wakalimani, walimu na maakida. Mkonge ulitaka vijana wengi wa kufyeka, kupanda, kupalilia, kukata majani na kuyapeleka mashineni yatoe singa. Huyu aliulizwa anajua nini. Yule aliulizwa ana nguvu kiasi gani. Tangu siku hizo vijana wa shamba waligawanyika mafungu mawili, na aghalabu aliyewagawa hakuwa akili zao. Ni umbali wa nyumba zao kutoka shuleni.

Utawala wa Waingereza ulipofuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkonge ulizidi kuenea. Wenyeji wa pwani hawakutosha kwa kazi hiyo, wala hawakuipenda. Walikuwa na minazi na mashamba yao. Ikabidi watu watafutwe mbali: Buha, Ubena, Ungoni, na hata nje ya mipaka, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Huko kodi ilidaiwa kwa fedha, lakini zao la kuuza lilikuwa haba au halikuwapo. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda ofisi ya kuandika na kusafirisha wafanya kazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Walioandikwa walipewa namba, na kwa ajili ya namba hizo watu wakawaita manamba. Jina hilo peke yake ni historia. Mtu aliyeondoka kwao akiitwa kwa jina la baba yake alishuka katika gari la moshi akiwa hesabu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alinisimulia kwamba kabla ya kuandikwa alivuliwa shati, akapimwa kifua, akatazamwa macho na meno, akabonyezwa tumbo kutafuta bandama iliyovimba. Wenzake wawili wa kijiji kimoja walirudishwa: mmoja alikuwa na safura, na mwingine donda ndugu mguuni. Hapana aliyewauliza kama wanajua kusoma. Nilipokuwa mdogo, kila nilipokataa kwenda shule, mzee huyo alinipa maneno yale yale: "Mjukuu wangu, mimi walinisoma mwili. Wewe nenda wakakusome daftari."

Katika habari hiyo lipo jambo la kuzingatia. Afya ya kijana ilipimwa kwa uangalifu mkubwa siku ya kuandikwa, lakini miaka yote iliyotangulia hapana aliyeijenga. Mwenye shamba alitazama mwili kama mnunuzi atazamavyo ng'ombe mnadani: hakuwa na shughuli na malisho ya jana. Insafu yataka niseme kwamba mashamba mengi yalikuwa na zahanati zake, na wafanya kazi walipewa posho ya chakula. Tajiri alijua kwamba mgonjwa hakati mkonge. Lakini hiyo ilikuwa afya ya kutunza kazi iliyopo, nayo ilikwisha siku mkataba ulipokwisha. Wale wawili waliorudishwa kwa safura na donda walirudi kijijini kule kule walikougulia, bila dawa na bila fedha ya kodi.

Hali ilikuwa kama hiyo katika nyanda za juu za kusini, hususan Rungwe, ambako vijana waliandikwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Huko mizani ilikuwa ndiyo mlango wenyewe. Aliyepungukiwa uzito hakupita. Tanganyika huru iliukomesha uandikishaji huo, lakini kumbukumbu ya mizani imebaki katika masimulizi ya wazee.

Sasa tugeukie mlango wa pili, mlango wa cheti, na tumtazame kijana mwingine wa nchi hiyo hiyo ya Tanga. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, akatokea wa pili katika wanafunzi 11, akapata cheti. Mwaka huo huo wa 1926 akawa karani wa forodha, na katika idara hiyo alitumika mpaka mwaka 1944. Sisi twamjua kwa mashairi na insha zake. Daftari la mishahara lilimjua kwa ukarani. Alifanya kazi Pangani, katikati ya nchi ya mkonge. Mimi hujiuliza ni vijana wangapi wa umri wake waliopita karibu na ofisi yake, panga mkononi, ambao hawakupungukiwa na chochote cha akili ila ile miaka minne ya shule. Hatuwezi kuwahesabu, kwa sababu asiyeandika hakumbukwi kwa kile ambacho angaliandika.

Na njia ya cheti ilikuwa nyembamba sana. Katika miaka ya 1950 shule nyingi za vijijini ziliishia darasa la nne. Hapo mtihani ulichuja, na wachache wakaendelea na shule ya kati hata darasa la nane. Kila ngazi ilikuwa na kazi zake. Aliyeishia darasa la nne aliweza kuwa tarishi au msaidizi wa zahanati. Aliyefika la nane aliweza kutamani ualimu, uuguzi, ukarani au upolisi. Aliyekosa yote alibaki na jembe, au alifuata mkonge.

Twapaswa kuuliza tena: watoto waliobahatika kufika darasani walifika na miili ya namna gani? Chukua ugonjwa mmoja tu, safura. Mnyoo wake huingia mwilini kwa ngozi ya mguu usio na kiatu, katika udongo uliochafuliwa na kinyesi kwa kukosa choo. Huenda ukakaa katika utumbo, ukanyonya damu kidogo kidogo. Mtoto haugui kwa kishindo hata apelekwe hospitali. Hupauka tu, huchoka upesi, husinzia kabla ya saa sita. Mwalimu asiyejua humwita mvivu, na baada ya kuitwa mvivu miaka mitatu mtoto mwenyewe husadiki. Ongeza homa ya malaria, ambayo katika mabonde ya Tanga haina msimu mmoja, na kichocho katika nchi za mito na mashamba ya mpunga. Watoto waliofeli mtihani wa darasa la nne waliandikwa kuwa hawana akili. Ni wangapi kati yao waliokuwa hawana damu?

Uhuru ulipofika mwaka 1961, viongozi wapya waliona kwamba mambo haya yamefungamana. Mpango wa kwanza wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1964, uliweka shabaha tatu za kufikiwa mwaka 1980: pato la kila mtu lipande kutoka pauni 19 na shilingi 6 kwa mwaka hata pauni 45, nchi ijitosheleze kwa watu wenye ujuzi wa kazi, na umri wa kuishi, uliokuwa kati ya miaka 35 na 40, ufike 50. Mapato, ujuzi na uhai viliwekwa katika ukurasa mmoja. Msomaji na ayatafakari maana ya tarakimu ya mwisho. Katika nchi ambamo mtoto azaliwaye anatazamiwa kuishi miaka 35 au 40, kumsomesha mtu miaka 16 ni kutumia karibu nusu ya maisha yake kujiandaa kwa nusu iliyobaki.

Mwaka 1967 Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Ndani yake alisema wazi jambo ambalo wazazi hawakupenda kulisikia: kati ya watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, ni 13 tu watakaopata nafasi ya sekondari. Shule ilikuwa imejengwa kwa ajili ya hao 13, na wale 87 ilikuwa ikiwafundisha kujiona wameshindwa. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili kwa nafsi yake, imwandae mtoto kwa maisha ya kijiji. Wengi walimwelewa kwa nusu. Shule zilipata mashamba, na watoto walilima. Lakini mzazi aliendelea kuamini kwamba kazi ni kazi ya mshahara, na kwamba jembe ni adhabu ya aliyefeli. Hatuwezi kumlaumu sana. Alikuwa ameona nani aliyepita mlango upi.

Miaka iliyofuata ndiyo, kwa maoni yangu, afya na elimu zilipokaribiana kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vitabu vidogo kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hapo darasa lilikuwa zahanati na zahanati ilikuwa darasa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote mapema, na mwaka 1977 ukawa mwaka wa elimu kwa wote. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Watu waliwacheka walimu hao wa UPE, na ni kweli kwamba ujuzi wa wengi ulikuwa mdogo. Lakini mwanahistoria wa kazi hana budi kusema na hili: kwa maelfu ya vijana wa shamba, wavulana kwa wasichana, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mshahara ya kwanza katika ukoo wao ambayo haikuanza kwa kuvuliwa shati.

Na mizani? Mizani ilirudi vijijini, lakini ikiwa na kazi nyingine. Katika miaka ya 1980 mpango wa lishe wa mkoa wa Iringa, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulianza katika vijiji 168. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito kijijini mbele ya wazazi wao, na kijiji chenyewe kikajadili kwa nini mtoto fulani amepungua: je, mama analima mbali, je, uji hupikwa mara ngapi kwa siku. Iringa, pamoja na Njombe ambayo zamani hizo ilikuwa ndani yake, ni nchi iliyotoa manamba wengi. Babu alipimwa ili ijulikane atafaa kwa kazi ya mwingine. Mjukuu alipimwa ili akue. Sijui badiliko jingine katika historia yetu linaloonyesha vizuri zaidi tofauti ya kutumia mtu na kumtunza.

Lakini neema hiyo haikudumu bila pingamizi. Miaka ya 1980 uchumi ulianguka, dawa zikaadimika, na ada ya shule ikarudi. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza malipo. Mkonge wenyewe, ambao mwaka 1964 ulifikia karibu tani 230,000, ulishuka hata ukabaki mabua ya kumbukumbu. Kambi tulimozaliwa zikawa vijiji vya watu wasio na tajiri wala shamba.

Wakati huo mimi nilikuwa shule ya msingi. Niliketi dawati moja na mwenzangu ambaye katika hesabu hakuna aliyempata; mimi nilinakili kwake. Mwaka 1994, juma la mtihani wa darasa la saba, aliugua malaria. Zahanatini hapakuwa na dawa, na mama yake alizunguka siku mbili akitafuta fedha ya kununulia dukani. Mtihani haukumngoja. Mimi nilifaulu kwenda sekondari. Yeye alipona baada ya siku tano, akaingia katika kazi ya vibarua. Hata leo nirudipo nyumbani huniita mwalimu, kwa heshima na bila kijicho, nami sijapata jibu la kumpa. Kama ni haki, cheti changu kingeandikwa majina mawili, na sababu ya kutokuwa hivyo ni vidonge vichache.

Msomaji aweza kusema kwamba kisa kimoja si ushahidi. Ni kweli. Basi tuvuke mpaka kidogo, twende Busia, magharibi ya Kenya. Mwaka 1998 watoto wa shule za msingi 75 walianza kupewa dawa za minyoo kwa zamu, fungu hili kwanza na fungu lile baadaye, ili tofauti ionekane. Wataalamu Edward Miguel na Michael Kremer waliona kwamba utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Alama za mtihani hazikupanda, na wenzao wengine wamebishana nao juu ya hesabu zao. Ni desturi njema ya elimu. Lakini watoto hao walifuatwa hata walipokuwa watu wazima, na ilionekana, miaka 20 baadaye, kwamba waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi walipata ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 13. Kidonge kilichomezwa darasani kilikuwa bado kinalipa katika soko la kazi.

Yapo maneno ya kupinga ambayo sipendi kuyaruka. Wako wasemao kwamba afya na elimu haziumbi kazi. Kwamba leo vijana wana vyeti na wana afya kuliko babu zao, na bado wamekaa vijiweni. Ada ya shule za msingi iliondolewa tangu mwaka 2002, na ya sekondari hata kidato cha nne mwaka 2016. Shule za kata zimejengwa. Umri wa kuishi umepita miaka 60, kupita shabaha ya 1964. Mbona kazi hazikuongezeka kwa kiasi hicho? Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Historia ya mkonge yatufundisha kwamba kazi huja na huondoka kwa sababu zilizo mbali na kijiji, kama vile bei ya kamba katika masoko ya ng'ambo na ujio wa nyuzi za plastiki. Lakini yatufundisha na jambo la pili. Mkonge ulipoanguka, waliokuwa na mwili peke yake walianguka nao. Waliokuwa na mwili mzima na elimu waliweza kugeuka: wakawa mafundi, walimu, wachuuzi, wakulima wa machungwa, madereva. Afya na elimu haziumbi kazi; humfanya kijana asife kazi moja inapokufa.

Kwa hiyo naona kwamba tusiitazame shule ya kijiji kama kiwanda cha vyeti tu, wala zahanati kama pahala pa kukimbilia mtu akizidiwa. Choo cha shule, uji wa saa nne, chandarua, dawa ya minyoo na vidonge vya malaria ni sehemu ya somo la hesabu. Na mtihani wa siku mbili unaoweza kufunga mlango wa miaka 40 uwe na mlango wa nyuma kwa aliyeugua, maana homa haijui ratiba.

Hata leo kijana wa shamba atakaye kuingia jeshini hukuta meza mbili zimewekwa pamoja: katika moja hutazamwa vyeti vyake, katika nyingine hupimwa mwili wake. Wanaopima hufanya wajibu wao. Lakini wanachokipima asubuhi ile moja kilianza kutengenezwa, au kuharibiwa, miaka 18 nyuma, katika nyumba ya udongo ambamo mama alikuwa akihesabu sarafu kwa taa ya kibatari. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nasi tumlishe, tumtibu na tumsomeshe angali mbichi, kisha ndipo tumwulize, kwa uso mkavu, atafanya kazi gani.